Picha mbili za babu: ni nani hasa aliyevumbua gravua?

"Shikamoo Mwalimu. Babu yangu alikuwa mwalimu wa shule, na alipofariki tulikuta sandukuni mwake picha mbili za zamani. Ya kwanza ni ya mto na mashua, imechapwa kwenye karatasi nene, na kuizunguka kuna mbonyeo wa mstatili kama fremu. Ya pili ni ukurasa wa gazeti la Kiingereza wenye picha za rangi ya kahawia. Muuza vitu vya kale ameniambia kuwa zote mbili ni gravua, na kwamba ya kwanza ilichongwa kwa mkono. Nimesoma mahali pamoja kwamba gravua ilivumbuliwa na Karel Klíč huko Vienna mwaka 1879, pengine kwamba ni Fox Talbot wa Uingereza, na pengine tena kwamba ilitoka kwa wachapaji wa vitambaa. Nimwamini nani? Nitajuaje picha zangu ni za aina gani? Na je, naweza kuyaondoa madoa ya kahawia yaliyoanza kujitokeza, kisha nizipige lamineshoni zisiharibike zaidi?"

Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo pekee lisiloweza kusubiri: tafadhali usizipige lamineshoni. Plastiki ile hubandikwa kwa joto, haibanduki tena bila kuichana karatasi, na mbonyeo unaoizunguka picha ya mto, ambao nitaeleza hivi punde kwa nini ni ushahidi wa thamani, utabanwa hadi upotee. Ziweke kila moja peke yake katikati ya karatasi nyeupe safi, mbali na jua na mbali na ukuta wenye unyevu, halafu tuzungumze yaliyobaki kwa utulivu.

Naelewa kilichokuchanganya. Umepewa majina matatu ya wavumbuzi, na muuzaji naye akaongeza lake. Maandishi uliyoyasoma hayapingani kama yanavyoonekana, kwa sababu neno gravua, yaani kuchapa picha kutoka kwenye mashimo yaliyochimbwa kwenye metali, limebeba ufundi zaidi ya mmoja, na kila mwandishi alikuwa akiuzungumzia ule alioujua. Picha zako mbili zina ukoo mmoja, lakini kilichozitenganisha si mpiga picha wala rangi ya wino. Ni namna wino wa ziada ulivyofutwa: kwenye moja ulifutwa kwa kitambaa na kiganja cha mkono, na kwenye nyingine kwa ubapa wa chuma. Ukilishika hilo, historia yote hii itakaa mahali pake.

Chapa nyingi tunazozijua huchapa kwa sehemu iliyoinuka. Muhuri wa ofisi ndio mfano ulio karibu: herufi zimetokeza, zinashika wino, na zinauacha kwenye karatasi. Gravua hufanya kinyume chake, kwa maana picha imo ndani ya mashimo. Bamba la shaba hupakwa wino lote, uso wake hufutwa hadi ung'ae, na wino hubaki mashimoni tu. Aliyewahi kufuta vumbi kwenye mlango wa nakshi wa pwani analijua jambo hili bila kufundishwa, maana kitambaa husafisha uso wa ubao, na vumbi hubaki limejificha kwenye michongo. Karatasi ikikandamizwa kwa nguvu juu ya bamba hilo, huingia kidogo mashimoni na kuunyonya wino uliomo. Shimo lenye kina kirefu hutoa wino mzito, nao huonekana mweusi. Shimo la juujuu hutoa utando mwembamba wa wino, nao huonekana kijivu. Picha ya kawaida ya gazeti hulidanganya jicho kwa vitone vikubwa na vidogo vya wino wenye unene uleule, ilhali kwenye gravua ya zamani wino wenyewe ni mzito au mwembamba kwelikweli, na ndiyo maana vivuli vyake vina ulaini ambao watu waliupenda tangu mwanzo.

Kuchapa kwa mashimo ni kazi kongwe kuliko upigaji picha kwa karne nyingi. Mafundi wa vito wa Ujerumani na Italia walikuwa wakichapa kutoka kwenye mabamba waliyoyachonga katika karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 16 mafundi kama Daniel Hopfer wa Augsburg walianza kuiachia tindikali kazi ya kuchimba. Sitakaa sana hapo, isipokuwa kwa jambo moja ambalo utalihitaji baadaye. Mstari mwembamba hushika wino vizuri, lakini eneo pana lililochimbwa kwa tindikali huwa kama sinia: ukilifuta, kitambaa kinaingia na kuuzoa wino wote. Katika miaka ya 1760 Mfaransa Jean-Baptiste Le Prince alikuwa miongoni mwa waliopata dawa ya tatizo hilo. Alilipaka bamba unga wa utomvu mkavu, akaupasha moto hadi chembe zikashika kwenye shaba, ndipo akalitia kwenye tindikali. Tindikali ilichimba katikati ya chembe na kuacha maelfu ya visiwa vidogo, na visiwa hivyo viliuzuia wino usizolewe. Likumbuke hili: kivuli kipana hakiwezi kuchapwa kwa shimo pana, ni lazima kigawanywe.

Kisha mwanga ukaingia kazini. Nicéphore Niépce, Mfaransa, aligundua kwamba aina fulani ya lami hukauka na kuwa ngumu inapopigwa na jua, na mwaka 1826 aliitumia kunakili picha ya kuchongwa ya Kardinali d'Amboise kwenye bamba la metali, ambalo mchonga nakshi Lemaître wa Paris alisaidia kulichimba na kulichapa. Njia hiyo ilifaa kwa picha za mistari, lakini vivuli laini vilimshinda.

William Henry Fox Talbot, ambaye wengi wanamjua kwa picha za karatasi alizozitengeneza nyumbani kwake Lacock Abbey, ndiye aliyelishughulikia suala la vivuli kwa uvumilivu wa miaka mingi. Katika hataza yake (hati ya kulinda uvumbuzi) ya mwaka 1852 alilipaka bamba gelatini, utando laini kama jeli, iliyochanganywa na dikromati ya potasiamu, mchanganyiko ambao hugeuka mgumu unapopata mwanga, na ili avigawanye vivuli aliweka kitambaa chembamba cheusi cha shashi kati ya picha na bamba, nyuzi za kitambaa zikaacha alama zake. Katika hataza ya mwaka 1858 aliachana na kitambaa akarudia unga wa utomvu, na utomvu alioupendelea ulikuwa sandarusi. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilifurahi mno, kwa kuwa sandarusi ni bidhaa ambayo wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wakiisafirisha ng'ambo katika karne hiyohiyo, na wazee wetu waliijua kwa jina kabla mafundi wa picha hawajaihitaji.

Talbot aligundua pia jambo ambalo bado linawashangaza wanafunzi wangu. Alichimba shaba kwa kloridi ya feri badala ya tindikali kali, akaona kwamba maji ya dawa hiyo yakiwa mazito hupenya gelatini polepole, na yakiongezwa maji hupenya upesi. Mtu angedhani kuwa dawa nzito ndiyo yenye nguvu zaidi, kumbe ni maji ndiyo yanayoilainisha gelatini na kufungua njia. Kwa hiyo fundi huanza na dawa nzito, ambayo hupita tu pale gelatini ilipo nyembamba kabisa, yaani kwenye vivuli vyeusi. Kisha hutumia dawa nyepesi zaidi na zaidi, ikipita kwenye gelatini nene na kuanza kuchimba kijivu. Vivuli vikawa vimechimbwa kwa muda mrefu zaidi, na hivyo vikawa na kina kirefu zaidi.

Mwingereza Joseph Wilson Swan alikamilisha kipande kingine mwaka 1864, alipopata hataza ya karatasi maalumu yenye tabaka la gelatini na rangi, ambayo ilitiwa mwanga kwanza na ndipo ikahamishiwa juu ya kitu kingine. Iliitwa karatasi ya kaboni, lakini usiichanganye na ile kaboni ya kuandikia stakabadhi. Hizi ni mbili tofauti kabisa. Faida yake ni kwamba gelatini ilikuwa na unene sawasawa, na fundi hakulazimika tena kuimimina juu ya bamba na kuomba isijikusanye upande mmoja.

Sasa tumfikie Klíč. Alizaliwa mwaka 1841 huko Hostinné, Bohemia, akawa mchoraji wa vibonzo na mpiga picha, na mwaka 1879 akiwa Vienna alionyesha picha zilizotokana na njia yake. Alichukua unga wa utomvu na kuuyeyusha juu ya bamba la shaba kwanza. Juu yake akahamishia gelatini ya Swan ambayo tayari ilikuwa imetiwa mwanga kupitia picha chanya, yaani yenye weusi na weupe kama wa kitu chenyewe, si negativu. Akaiosha kwa maji ya uvuguvugu ili ile iliyobaki laini iondoke. Kisha akachimba kwa kloridi ya feri, kuanzia nzito hadi nyepesi, kama Talbot. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyokuwa ngeni kabisa, wala hakuwa peke yake kazini, maana kampuni ya Goupil ya Paris ilikuwa ikiuza fotogravua zake (gravua zinazotokana na picha za kamera) za njia tofauti tangu miaka ya 1870. Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema kuwa alimwibia Talbot. Talbot aliipakaza sandarusi juu ya gelatini, Klíč akazishusha chembe hadi kwenye shaba yenyewe, akaitumia gelatini inayoweza kupimwa unene, na matokeo yake yalikuwa mabamba yaliyoweza kutegemewa siku baada ya siku. Ukiniuliza mimi, nitakuambia Talbot ndiye aliyegundua jinsi fotogravua inavyowezekana, na Klíč ndiye aliyeigeuza kuwa kazi ya karakana.

Picha yako ya mto, kwa jinsi ulivyoieleza, inaelekea kuwa ya aina hii. Mchapaji alilipaka bamba wino mzito wa mafuta, akalifuta kwa shashi na mara nyingi akamalizia kwa kiganja, akalifunika kwa karatasi yenye unyevunyevu, akalipitisha kwenye mashine ya magurudumu mazito. Kingo za bamba ndizo zilizoacha ule mbonyeo. Kwa hiyo muuzaji wako alikuwa na nusu ya ukweli: mkono ulifanya kazi kubwa katika kufuta na kuchapa, na pengine fundi alirekebisha sehemu ndogo za bamba kwa kalamu ya chuma, lakini picha yenyewe haikuchongwa kwa mkono, ilichimbwa na dawa kupitia gelatini. Wasanii wa kamera kama Peter Henry Emerson na Alfred Stieglitz waliipenda njia hii kwa sababu iliwaruhusu kuchapa picha kwa wino usiopauka kama picha nyingi za wakati wao zilizotengenezwa kwa dawa za madini ya fedha.

Tatizo lilikuwa mwendo. Kila nakala ilidai kupakwa, kufutwa na kukandamizwa upya, na gazeti haliwezi kungoja. Hapa ndipo wachapaji wa vitambaa wanapoingia, na wanastahili kutajwa zaidi ya wanavyotajwa. Mskoti Thomas Bell alipata hataza mwaka 1783 ya kuchapa vitambaa kwa silinda za shaba zilizochongwa, na miaka michache baadaye mashine kama hizo zilikuwa zikifanya kazi Lancashire. Silinda ilizunguka ndani ya rangi, na ubapa mwembamba wa chuma ulioegemezwa juu yake uliukwangua uso wote na kuacha rangi kwenye michongo tu. Mafundi wa Kiingereza waliuita ubapa huo "daktari". Kazi ya kufuta, ambayo kwa mkono ilichukua dakika kadhaa, ilifanywa bila kusimama kwa muda wote ambao silinda ilizunguka. Karatasi nayo ilijaribiwa mapema, kwa kuwa Auguste Godchaux wa Paris alipata hataza mwaka 1860 ya mashine ya kuchapa kwa silinda zilizochongwa kwenye karatasi ya gombo, nayo ilitumika kwa madaftari ya shule. Hiyo, hata hivyo, ilikuwa michongo ya mistari na herufi, si vivuli vya picha.

Kwa nini basi wasichukue bamba la Klíč wakalizungusha kuwa silinda? Kwa sababu ya ubapa. Kitambaa na kiganja cha mkono ni vyepesi, navyo hupita juu ya chembe za utomvu bila kuzidhuru, na fundi hujua mahali pa kugusa taratibu. Ubapa wa chuma haujui lolote, unasukumwa kwa nguvu ileile kila mahali, na unahitaji reli za kuteleza juu yake. Juu ya chembe zilizotawanyika ovyo ungezama mahali pamoja na kukwaruza pengine. Suluhisho likawa kugawanya uso wote wa silinda kwa mistari ya msalaba, ili kila kishimo kizungukwe na kuta zenye kimo kimoja. Gelatini hutiwa mwanga mara mbili, mara ya kwanza kupitia kioo chenye mtandao wa mistari myembamba, na mara ya pili kupitia picha. Mistari hugeuka migumu kabisa, dawa haipenyi, na shaba iliyo chini yake hubaki kuwa kuta. Katika njia hii iliyokuja kuzoeleka, mistari ilikuwa kama 150 hadi 175 kwa inchi moja, vishimo vikiwa na upana sawa na vikitofautiana kwa kina tu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtandao ule haukuwekwa kwa ajili ya picha. Uliwekwa kwa ajili ya ubapa.

Na aliyeyaunganisha haya kwa mafanikio ya kibiashara alikuwa Klíč huyohuyo, akiwa amehamia Uingereza. Huko Lancaster alikutana na Samuel Fawcett, mchonga nakshi wa kampuni ya vitambaa ya Storey Brothers, ambaye naye alikuwa akihangaika na upigaji picha kwenye silinda. Mwaka 1895 ilianzishwa Rembrandt Intaglio Printing Company, ikauza nakala za michoro mashuhuri kwa wingi na kwa bei nafuu, na ikailinda siri yake kwa miaka kadhaa, huku washindani wakishangaa ni mkono wa nani ungeweza kufuta mabamba mengi kiasi kile. Ujerumani, Eduard Mertens alifuata njia yake mwenyewe, na kwa Pasaka ya mwaka 1910 gazeti la Freiburger Zeitung lilitoka likiwa na picha za gravua pamoja na maandishi yaliyochapwa kwa herufi za metali ya risasi. Mwaka 1914 New York Times ilianza kuwa na sehemu yake ya picha za gravua, na Bavaria ikatoa stempu za posta za aina hiyo. Ukurasa wako wa kahawia ni mtoto wa zama hizo au za miaka iliyofuata. Wino wa kahawia ulipendwa sana kwenye kurasa hizo, kwa hiyo rangi hiyo si ya uzee bali ilichaguliwa.

Sasa chukua lenzi inayokuza mara 10 na ukae dirishani. Kwenye ukurasa wa gazeti, tafuta sehemu ya kijivu cha wastani, kama anga au ukuta. Ukiona vijisanduku vidogo vya upana mmoja vilivyopangwa kwa mistari ya msalaba, baadhi vyeusi na baadhi hafifu, hiyo ni gravua ya silinda. Angalia na herufi: kama zilichapwa kwa silinda hiyohiyo, kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno, kwa sababu mtandao ulipita juu ya kila kitu. Kwenye picha ya mto, tafuta chembe zisizo na mpangilio, kama mchanga laini uliomwagwa. Ukiona vitone vya ukubwa tofauti vilivyopangwa safu kwa safu, basi ni chapa ya vitone, wala si gravua hata kidogo. Na ukiona mikunjo midogo iliyojipinda kama nyuzi za uyoga, hiyo ni kolotaipu, njia nyingine kabisa iliyotumika sana kwa kadi za posta. Usiutegemee mbonyeo peke yake. Wachapaji wengine waliuigiza kwa bamba tupu ili picha ya mashine ionekane ya mkono, kwa hiyo chembe ndizo zenye neno la mwisho.

Kuhusu thamani, nitakuambia wazi. Kurasa za gravua za magazeti zilichapwa kwa maelfu mengi na kwa kawaida haziuziki kwa fedha ya kuhesabika. Fotogravua ya bamba inaweza kuwa na thamani, lakini inategemea ni ya nani, imetiwa saini au la, na ni chapa ya kujitegemea au imetolewa kitabuni. Usikubali bei ya mtu yeyote, kubwa au ndogo, kabla hujajua hayo.

Madoa ya kahawia hutokana na ukungu, chembe za chuma ndani ya karatasi, au vyote viwili, na hali ya hewa ya pwani huyachochea. Dawa ya klorini ya kufulia nguo itayang'arisha leo na kuila karatasi kesho. Limau na maji ya kawaida huacha duara la doa kubwa kuliko la awali. Na pasi ya moto hulainisha mbonyeo wa bamba usirudi tena. Nimeletewa picha zilizofanyiwa kila moja kati ya hayo, na hakuna hata moja niliyoweza kuirudisha ilivyokuwa. Wino wenyewe ni imara, udhaifu umo kwenye karatasi. Unachoweza kufanya salama nyumbani ni kufuta vumbi kwa brashi laini sana, kupiga picha nzuri ya kila moja ili nakala ndiyo itundikwe ukutani, na kuzihifadhi ndani ya karatasi au bahasha isiyo na asidi, zikiwa zimelala bapa mahali pakavu penye hewa. Zitenganishe mbili hizi moja kwa moja, kwa sababu karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo la mbao zilizosagwa lenye asidi, na asidi hiyo huhamia kwa jirani. Njano ya ukurasa wa gazeti usiihangaikie. Inaweza kupunguzwa mwendo, lakini haiondoki.

Na kama umevutiwa kiasi cha kutaka kujaribu njia ya Klíč mwenyewe, nakuomba usifanye hivyo jikoni. Dikromati ni sumu inayosababisha saratani, na inahitaji maabara na mtu aliyeizoea.

Zipeleke kwa mtaalamu ana kwa ana ukiona ukungu wenye manyoya au harufu mpya ya uvundo, wadudu, karatasi iliyoganda kwenye kioo, au doa linaloingia ndani ya picha yenyewe. Anzia kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa au makumbusho yaliyo karibu nawe, na umwombe mhifadhi wa karatasi, si mtengeneza fremu. Umpelekee picha zikiwa kati ya kadi mbili ngumu, bila gundi wala selotepu, pamoja na karatasi nyingine uliyoandika kwa penseli yote mnayoyakumbuka nyumbani: babu alifundisha wapi, miaka gani, na nani huenda alimpa picha ile ya mto.